Vitabu vya Kabati la Mamere

Juzi mjukuu wangu alirudi shuleni na riwaya ya vijana mkononi, akaniambia mwalimu anataka waandike wanachofikiria juu yake. Nikamwuliza tena, maana nilidhani sikusikia vizuri. Wanachofikiria nani?

"Bile tunawaza sisi benyewe, mama," akajibu, akinishangaa.

Nikatoka uani, nikajifanya natazama moto. Rafiki yangu, hasira ambayo nilidhani imeshazeeka pamoja nami ilinipanda upya. Mimi nilisoma riwaya za vijana kabla mama yake mtoto huyu hajazaliwa, hapa hapa Kolwezi, wakati wa Wabelgiji, na hakuna aliyetaka kujua nawaza nini. Siku niliyosema, nyumba yetu haikurudi kuwa ilivyokuwa.

Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa Kampani ya migodi, upande wa Musonoi. Nyumba zilikuwa za matofali, zimepangwa safu kwa safu, na zilifanana hata mlevi aliweza kuingia kwa jirani na kulala hadi asubuhi bila kujua. King'ora cha zamu ndicho kilichotuamsha. Mchana baruti zililipuka shimoni na sahani zikatetemeka mezani, kisha vumbi jekundu likaja taratibu, likatua juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya sombe, kisamvu cha Mama. Sisi wasichana kabla ya shule tulipanga foleni bombani, tukafagia uwanja, tukapiga pasi. Baba alikuwa karani, na shati la karani lilipaswa kuwa jeupe kuliko la padri. Nilipuliza makaa ya pasi ile kwa hofu, kwa sababu cheche moja tu ingeniletea maneno ya wiki nzima.

Shule yetu ilikuwa ya watawa. Tuliwaita mamere. Yule wa darasa letu alitufundisha kudarizi, kushona soksi zilizotoboka za watu tusiowajua, katekisimu, na Kifaransa kwa sisi ambao baba zetu walikuwa makarani. Nyuma ya darasa lilisimama kabati la vioo lililojaa riwaya za vijana zilizotumwa kutoka Ubelgiji. Ndani ya jalada ulikuta majina ya watoto wengine, wenyewe wa kwanza, waliochoka nazo. Vitabu vilinuka gundi na nafthalini. Jumamosi Mamere alifungua kabati akatugawia, kila mtu kimoja, bila kuchagua. Jumatatu ulisimama mbele ya wenzako ukasema kitabu kimekurekebisha kosa gani.

"Uvivu, Mamere."

"Kiburi, Mamere."

Tulikuwa tukigawana makosa njiani, ili tusije wote tukasimama na kiburi kilekile.

Nilivichukia vitabu vile, na nilivisoma vyote. Wasichana wa bweni waliolia kwa sababu farasi wao amechechemea. Yatima aliyegundua mwishoni kwamba mjomba wake ni tajiri. Theluji, theluji, theluji, na kurasa nzima za mkate wenye chokoleti, wakati mimi nasoma tumbo likingoja bukari, ugali wetu. Jumapili mchana nilikuwa nimeshamaliza, nimekasirika kwamba kimekwisha, na nimekasirika zaidi kwamba nilitaka kiendelee.

Aliyenisaidia kuvivumilia alikuwa Kaku, mama yake Baba. Alikuja kutoka Kasai baada ya kufiwa na mumewe, na kila jioni aliketi kwenye mkeka mlangoni mwa jiko, akibambua karanga, tumbaku puani. Kifaransa hakukijua hata salamu. Nilimsimulia kwa Kiswahili chetu, nikichanganya Kiluba pale nilipokwama. Usidhani alikuwa msikilizaji mpole. Aligombana na kitabu tangu mwanzo.

"Mama yake iko wapi?"

"Alikufa, Kaku."

"Na shangazi? Na kaku yake?"

"Hana."

"Hapana. Mutu hawezi kukosa bote. Ule mwenye kuandika iko muvivu."

Nilicheka hadi karanga zikamwagika. Ni kwa ajili ya jioni zile nilisoma.

Kisha, kiangazi kimoja, asubuhi zikiwa na baridi ya kukata midomo, nikapewa kitabu kilichohusu Kongo. Nilikimbia nacho nyumbani. Nilidhani mara hii nitakuta mahali ninapopajua, labda hata mtu anayepanga foleni bombani. Msichana wa Kizungu, wa umri wangu, anakuja kumtembelea mjomba wake mwenye shamba. Anasafiri pamoja na mtoto wake wa mbwa. Anapewa msichana mweusi wa kumbebea sanduku. Kitabu kizima yule msichana anabeba sanduku. Anapanda mlima nalo, anavuka matope nalo, na neno analosema ni moja tu, "Ndiyo, Mademoiselle." Karibu na mwisho mbwa anatumbukia mtoni. Msichana wa sanduku anajitupa majini, anamtoa mbwa, anapata homa, anakufa, yote hayo katika mistari michache. Mademoiselle analia, anasali, kisha anarudi kwao na mbwa wake akiwa na moyo mwema kuliko alivyokuja.

Nilipomaliza kumsimulia Kaku, mikono yake ilikuwa imesimama.

"Ule mutoto wa sanduku, jina yake nani?"

"Habakuandika."

"Kwabo ni wapi?"

"Habakuandika."

"Bakamuzika, mama yake balimwita?"

"Habakuandika, Kaku."

"Na ile imbwa?"

"Imbwa iko na jina."

Akatema pembeni, akabeba beseni lake la karanga, akaingia ndani. Usiku ule hakula.

Wakati huohuo Baba alikuwa akitafuta karte, ile kadi ya ustaarabu. Serikali ilitoa karte kwa mtu mweusi iliyemwona amestaarabika, na mwenye karte aliheshimiwa kidogo zaidi kwenye madirisha ya ofisi na hospitalini, na mtoto wake huenda akafunguliwa mlango wa shule nzuri. Lakini kwanza walikuja nyumbani kwako kukukagua. Baba alinunua kitambaa cha meza na uma. Mama alifanya mazoezi ya kukaa mezani mkabala naye, akitafuna mdomo umefungwa, macho chini, kama mtu aliye kwenye kiti cha daktari. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema juu ya kitabu, kwa Kifaransa, ili ionekane watoto wanalelewa. Mamere mwenyewe, ambaye angefuatana na wageni, ndiye aliyechagua kitabu. Alichagua kile cha sanduku. Kosa langu pia alinichagulia: kukosa shukrani.

Jioni baada ya jioni Baba alinisikiliza nikikariri. Kitabu hiki kimenionyesha kosa langu. Nilikuwa sina shukrani kwa wanaotutendea mema. Alinirekebisha matamshi kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko kofi.

Asubuhi ya wageni nilimwona Kaku akitoka na mkeka wake umekunjwa chini ya kwapa. Baba alikuwa amemwomba akae kwa jirani yetu mjane, mwisho wa safu, hadi wageni waondoke. Chungu chake kiliondolewa, kopo lake la tumbaku likafichwa, na mahali alipoketi Kaku, Baba alipasugua kwa sabuni mpaka pakakosa harufu yake.

Wakaja. Mzungu wa ofisini, kaptula na soksi ndefu, karani wake, na Mamere nyuma yao. Mzungu alifunua sufuria akanusa. Alibonyeza godoro. Alifungua kabati la nguo za ndani za Mama, mbele yetu sote, akalifunga bila kusema kitu. Kisha akamgeukia Mama, kwa kile Kiswahili chao cha kuamrisha.

"Wewe, mama, unakula na bwana yako ku meza?"

"Ndiyo, bwana," Mama akasema, uma mkononi.

Akamwuliza Baba ni nani wanaokaa katika nyumba hii. Baba akajibu kwa Kifaransa chake safi: yeye, mke wake, na watoto.

"Hao tu?"

"Hao tu."

Mamere akanipa ishara. Nikasimama. Nikaanza: kitabu hiki kimenionyesha kosa langu. Nikaona mahali pa mkeka panang'aa kwa sabuni. Sikupanga kitu, naomba uniamini. Maneno yaliyofuata hayakuja.

"Kitabu hiki ni cha uongo," nikasema. "Msichana wa sanduku alikuwa na watu wake. Na sisi tuna Kaku. Anakaa humu. Yuko kwa jirani, wamemficha."

Mamere aligeuka mwekundu shingoni. Mzungu alicheka. Hakukasirika hata kidogo, alicheka kama mtu aliyeona nyani akivaa kofia, na kicheko kile ninacho hadi leo. Kisha akamwuliza Baba polepole, kama anavyoulizwa mtoto, kwa nini anasema uongo mbele ya serikali. Mama bado alikuwa ameshika uma. Karani akaandika, wakatoka, wakaenda nyumba nyingine.

Baba hakunipiga. Alikunja kitambaa cha meza yeye mwenyewe, pembe kwa pembe, akakiweka juu ya kabati.

"Mudogo wako angesoma," alisema bila kunitazama. "Ile yote nilifanya sababu yenu."

Kaku alirudi jua likizama, na mkeka wake. Nilimkimbilia. Nilitazamia anikumbatie, anisifu, aseme nimefanya kile ambacho kitabu hakikufanya. Alinisimamisha kwa kiganja kifuani.

"Nani alikutuma?"

"Kaku, balikuficha."

"Habakunificha. Mi mwenyewe nilikubali. Ule ni mutoto yangu, aliniomba, nikaenda na miguu yangu." Sauti yake ilikuwa kavu. "We umemupatisha haya mbele ya bazungu. Mabuku yako, usiniletee tena."

Akatandika mkeka palepale, akaanza kubambua. Kesho yake nilijaribu kumsimulia hadithi nyingine, ya zamani aliyoipenda. Hakuniambia ninyamaze. Alizungumza tu na Mama juu ya bei ya chumvi, hadi nikaacha.

Jumatatu Mamere alinipigisha magoti kwenye kokoto hadi kengele ya kutoka, na kabati likafungwa kwangu. Jumamosi wenzangu walipopanga mstari wa vitabu, mimi nilipewa soksi. Wengine walikuja kunisimulia kwa siri, lakini walikuwa wanasimulia vibaya, wakiruka kila kitu isipokuwa harusi.

Watu wakisikia habari hii hutaka niseme kwamba nilijuta. Sikujuta. Nilimkasirikia Baba, kisha nikamkasirikia Kaku kwa kumtetea, na ilichukua miaka kabla hasira yangu haijafika kwa wenyewe walioistahili. Mtu alifika nyumbani kwetu, akanusa sufuria yetu, akampa mwanamume achague kati ya mama yake na kipande cha karatasi. Halafu akamwita mwongo. Mimi nilikuwa mtoto, nikamsaidia kucheka. Lakini kosa hilo sitalibeba badala yake.

Karte ilikuja hatimaye, kwa ombi la pili, miezi michache tu kabla ya uhuru. Baba alikwenda kuichukua peke yake. Wakati huo Kaku alikuwa ameshafariki, katika mvua za kwanza, kwa kifua, na hakuna tena aliyehitaji kwenda kwa jirani. Uhuru ukaja, na siku ile Baba alivaa shati lake jeupe, akatembea mjini kama kila mtu, na hakuna aliyemwuliza karte.

Baadaye ilikuja miaka ambapo sisi wenye asili ya Kasai tuliambiwa turudi kwetu, sisi tuliozaliwa kwenye vumbi lile. Wenzangu wa darasa walipanda treni na magodoro na kuku. Wengine sikuwaona tena, na wengi sikumbuki tena sauti zao, ila ninakumbuka makosa yao: huyu uvivu, yule kiburi, yule mwingine wivu. Sisi tulisubiri katika mji wa Kisenge, kwa ndugu, kisha tukarudi. Shule ikawa ghala. Nani alichukua vile vitabu, sijui, na nikiambiwa mchwa walivila nitawashukuru mchwa.

Mwaka jana nilitaka kuona safu yetu ya nyumba. Mlinzi wa mgodi alinizuia kwenye uzio wa waya. "Mama, apa hakuna njia." Nikamjibu kwamba mimi nilizaliwa hapa. Alikuwa kijana mwenye adabu, akaniacha nisogee hadi ukingoni.

Hakuna safu. Hakuna bomba, hakuna uwanja tuliofagia kabla ya shule. Shimo limekuja likala kambi yote, na chini kabisa malori yalikuwa yanatambaa, madogo kama mende. Nilijaribu kupima kwa macho mahali lilipokuwa jiko letu. Lilikuwa hewani, mbele yangu, juu ya shimo, pale ambapo mtu akinyoosha mguu ataanguka. Jioni zangu zote na Kaku zilikuwa pale. Chini ya mkeka wake kulikuwa na shaba, nayo wenye mgodi wamekwisha kuichimba, wakaipandisha treni, ikaenda kwao.