Mlango wa Kushoto

Siku fundi viatu alipomtia Robo machoni kwa mara ya kwanza, alimhesabu kuwa ndiye dhaifu kuliko wote ukumbini. Fundi mwenyewe hakuwa amekwenda kujifunza karate. Aliitwa kushona turubai lililofunika magodoro ya mazoezi, maana lilikuwa limepasuka upande mmoja na watu walikuwa wakinasa vidole vya miguu. Akaketi pembeni na shazia yake, sindano ndefu nene, na uzi wa nailoni, akawa anashona huku akitazama kwa kuibia. Ukumbi ulikuwa ghala la zamani la magunia, madirisha yake yako juu karibu na paa, na vumbi la unga lilikuwa bado halijahama kwenye nyufa za ukuta.

Kwenye upande uliokuwa mzima, Robo, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mkanda wake wa kahawia umepauka hadi kufanana na mchanga, alikuwa akipigwa na muuguzi mmoja mfupi ambaye ndiyo kwanza alikuwa na mwezi wa mazoezi. Muuguzi akirusha ngumi, mzee anarudi nyuma. Akirusha teke, mzee anajipinda, na teke linamfika nyonga. Kila lilipofika, mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya kweli. Fundi alijisemea kimoyomoyo kwamba huyu angefaa kukaa nyumbani akanywa chai.

Alishona karibu mpasuko wote kabla hajaona kosa lake. Muuguzi alipomaliza kurusha, mkono wa mzee ulitoka taratibu, ukamgusa mbavuni, ukarudi ulikotoka. Raundi iliyofuata ukamgusa pale pale. Na iliyofuata tena. Mara ya nne muuguzi alishusha kiwiko kabla mkono haujafika, na mzee akatabasamu kidogo, akahamia begani. Fundi akabaki na shazia hewani. Kazi ile aliijua. Unatafuta palipofumuka, unapita hapo hapo mpaka pafunge.

Wiki iliyofuata akarudi na bukta. Nyumbani alisema ni kwa ajili ya mgongo, maana kukaa kwenye kigoda kutwa kulikuwa kumemkunja kama ndoano. Mkewe alimtazama toka utosini hadi kwenye nyayo, akauliza mtu anayeona haya hata kumwita mteja aliyesahau mwavuli anakwenda kupigana na nani. Fundi alikuwa na miaka arobaini na minne, na maneno kwake yalikuwa kama misumari midogo, akiyatafuta yanapotea.

Jina la Robo lilitokana na neno lake moja. Pale ukumbini kupigana kwa mazoezi waliita kupimana, na nguvu ya kupimana ilikuwa na vipimo vitatu: yote, nusu na robo. Wageni walitakiwa waende kwa robo. Lakini mgeni hajui robo ni kiasi gani. Woga ukimshika anarusha yote. Basi mzee akigongwa zaidi ya kiasi alisema "robo" kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari dukani, na mgeni akapunguza. Mchana alikuwa dobi, na duka lake la kufulia alilishika pamoja na dada yake. Miaka kumi na tisa mwalimu wa ukumbi alikuwa akimkabidhi kila anayeingia akiwa hajui kukunja ngumi. Aliowafundisha walimpita, wakavaa mikanda myeusi, wengine wakafungua kumbi zao. Yeye alibaki na wa kahawia. Akiulizwa kwa nini hafanyi mtihani, alisema mkanda mweusi hauonyeshi uchafu, na yeye ni dobi, atajuaje kama umetakata.

Ufundi wake ulikuwa katika kuacha milango. Alishusha mkono mmoja kidogo tu, akaacha sehemu moja ya mwili wazi, akangoja. Mgeni akiuona mlango na kuupiga, wiki iliyofuata Robo aliufunga na kufungua mwingine ulio mgumu zaidi kuuona. Miezi minane fundi alipiga hewa. Halafu siku moja mkono wake wa kulia ukapita, ukatua kwenye kofia ya kujikinga, upande wa kushoto wa kichwa cha Robo. Wiki iliyofuata ukatua tena. Na tena. Fundi akangoja mlango ule ufungwe kama mingine. Haukufungwa.

Fundi akavimba kichwa kwa majivuno. Jioni alimwonyesha mkewe kwa kutumia mto wa kochi, jinsi bega linavyotangulia na kiwiko kinavyofuata. Mkewe aliendelea kupasua vitunguu.

"Na huyo mzee wa watu bado ana meno?"

"Amevaa kofia."

"Basi mshukuru aliyeshona kofia."

Hata hivyo alimsikia akimsimulia jirani dirishani kwamba siku hizi baba watoto si wa kuchezewa, na akajitia hamnazo.

Viatu ndivyo vilivyomzindua. Robo alimletea vyake vya kila siku, vyeusi vya ngozi, akavitua juu ya meza ya kibanda, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Fundi alivigeuza kama anavyogeuza viatu vyote, kabla ya kumsikiliza mwenyewe. Cha kulia kilikuwa kimelika kisigino, basi. Cha kushoto kilikuwa kimechubuka ncha hadi ngozi ikawa kama kitambaa, na ubavuni kilikuwa na mikato mitatu, mmoja juu ya mwingine. Angekuwa mchechemeaji, soli ndiyo ingesema, na soli zote mbili zilikuwa zimelika sawa. Mguu haukuwa na kasoro. Ulikuwa ukigonga vitu ambavyo mwenyewe havioni, ngazi, kingo za barabara, ndoo zilizoachwa njiani.

"Mzee, unajigonga wapi?"

"Duniani."

Fundi hakucheka. Alichukua brashi, akaisogeza kimyakimya upande wa kushoto wa uso wa Robo, karibu kabisa na shavu. Robo aliendelea kutazama barabara. Fundi akairudisha brashi mezani, na mbao ikatoa mlio mdogo. Robo akageuka kuufuata mlio.

"Fundi," akasema. "Hicho kiatu kishone. Usikisome."

Kisha akaeleza, kwa maneno machache na bila kujihurumia. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alimwambia jicho la kushoto limekwisha na halirudi, lile la kulia litashikiliwa na dawa ya matone. Dada yake hajui. Anadhani kaka yake ameingiwa na kiburi, maana akimnyooshea henga ya nguo kwa upande ule anaachwa na mkono hewani. Mwalimu akijua, atamtoa kwenye kupimana siku hiyo hiyo, na ana haki. Lakini bila ukumbi, Robo alisema, kinachobaki ni pasi asubuhi na pasi jioni. Aliomba jambo moja. Kulikuwa na wageni sita aliowalea toka mwanzo, fundi akiwa mmoja wao, na mtihani wao ulikuwa baada ya wiki sita. Awafikishe hapo. Akishawafikisha, atasema mwenyewe.

Fundi alikubali. Kukataa kulihitaji maneno mengi kuliko aliyokuwa nayo. Alipobaki peke yake ndipo alipoukumbuka mkono wake wa kulia, na mlango ambao haukuwa mlango. Akaona haya peke yake kibandani, akapiga kiatu nyundo zaidi ya kilivyohitaji.

Kuanzia hapo aliona mengine. Robo alipenda kupimana kwenye kona ile ile, ukuta ukiwa kushoto kwake. Watu walidhani ni mazoea ya uzee. Ukuta ulikuwa ukimlinda kwa upande ambao jicho halikuweza. Na fundi naye akaacha kuutumia mkono wa kulia, hata Robo akamnong'oneza kwa ukali kwamba asimnyime kazi.

Wiki ya pili akaja mtu mpya, mpakuaji wa mizigo, bega lake moja sawa na mawili ya fundi. Ukumbi mzima ukamwita Kontena kabla hajamaliza kufunga mkanda. Hakuwa mtu mbaya. Alimvunja mwenzake pua, akamkalisha chini na kumshikia barafu mwenyewe, huku akisema samahani, mkono umeteleza. Lakini mkono wake uliteleza kila siku. Alielekezwa robo mara kumi, na robo yake ilikuwa yote ya mtu mwingine. Na ngumi aliyoipenda ilikuwa ya kulia, yenye kuzunguka kwa nje. Ile inatua kushoto.

Mgeni huwa wa Robo. Kila mwalimu alipotaka kuwapanga, fundi alijitokeza kwanza na kusimama mbele ya Kontena. Hakuwa amewahi kujitokeza kwa jambo lolote maishani mwake. Alirudi nyumbani na mikono ya zambarau. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto, akauliza yuko wapi yule asiye wa kuchezewa. Mwalimu alimuuliza kama anadaiwa kipigo. Fundi alijikaza kisabuni, akasema anapenda mazoezi.

Robo hakufurahi. Walipokuwa wakivaa viatu mlangoni alimwambia bila kumtazama.

"Unanichukulia mgeni wangu."

"Mzito yule, mzee."

"Wote huja wazito. Kazi yangu ndiyo hiyo."

Robo aliongeza kwamba katika miaka kumi na tisa hajachaguliwa mgeni mwepesi wa kupimana naye, na hataanza leo.

Siku ya mtihani magodoro yalisogezwa katikati, mbali na kuta zote, ili watahini wawili waliotoka ukumbi mwingine waone vizuri. Mwalimu alisoma majina mawili mawili kutoka kwenye karatasi. Alisoma Kontena, aliyeingizwa kutafuta daraja la kwanza, na Robo wa kumpima, dakika mbili, kwa nusu. Fundi alikuwa kwenye mstari, wa tatu kutoka mwisho. Alimtazama Robo akiinama kutoa heshima, halafu akiutafuta ukuta kwa bega, na ukuta haupo.

Robo alijitahidi. Aligeuka geuka ili jicho zima liwe mbele, akamgusa Kontena mbavuni mara mbili, taratibu, pale pale. Kontena akaanza kuzunguka. Ngumi ya kwanza ilimpata Robo begani ikamsogeza hatua tatu.

"Robo," mzee akasema.

Watu wakacheka kidogo, kwa sababu ilikuwa zamu ya nusu.

Fundi alisema "mwalimu", lakini sauti haikuvuka mstari. Aliona bega la kulia la Kontena likirudi nyuma kujiandaa. Akapiga moyo konde, akakanyaga turubai bila kuitwa, jambo ambalo hakuna aliyelifanya siku ya mtihani, akasimama katikati yao. Ngumi ikampata yeye shingoni. Haikuwa kitu kikubwa. Kikubwa kilikuwa kusema.

"Mwalimu, haoni kushoto."

Mwalimu alikuja bila haraka, akasimama upande wa kushoto wa Robo, mikono ameifumbata nyuma ya mgongo.

"Mzee wangu, hivi ni vidole vingapi?"

Robo alifikiri.

"Viwili."

Mikono ya mwalimu ilikuwa bado nyuma ya mgongo. Hakuna aliyecheka. Kontena aliketi chini akajishika kichwa, akawa anajiuliza kwa sauti angefanya nini kama angempata sawasawa.

Mwalimu aliongea na Robo kwa adabu, mbele ya wote ili pasiwe na minong'ono. Alisema hatapimana tena, ila ukumbi ni wake, na kila jioni atasimama mbele na kuhesabu wakati wengine wakipasha mwili joto. Robo alisema atafikiria. Aliinama mbele ya Kontena, akainama mbele ya mwalimu, akampita fundi. Pembeni alivua vazi lake jeupe, akalikunja mshono kwa mshono kama dobi anavyokunja nguo ya mteja, akaufunga mkanda juu yake, akatoka.

Mtihani uliendelea. Fundi alipangiwa yule muuguzi mfupi. Mkono wake wa kulia, aliouringia miezi mingi, haukumgusa hata mara moja. Aliambiwa arudi baada ya miezi sita.

Siku tatu baadaye dada yake Robo alifika kibandani. Alisimama bila kuketi, akamwambia fundi kwamba kujua ugonjwa wa mtu na kumficha nduguye ni utovu wa adabu, kisha akamwuliza kama mkewe hajambo. Akasema binti wa Robo anamchukua, anakaa mji wenye hospitali ya macho, wakalilinde lile lililobaki. Duka atabaki nalo yeye. Kaka yake, ambaye toka aviache amekuwa akivaa vya zamani, atapitia viatu kabla ya safari.

Alipitia kesho yake asubuhi, mkoba begani. Fundi alikuwa amevimaliza siku nyingi. Kwenye kiatu cha kushoto alikuwa ameongeza tabaka la ngozi nene kuzunguka ncha na ubavu, akalipaka rangi hadi lisionekane ila kwa kidole. Robo alipitisha kidole gumba, akalipata. Akaketi, akavivaa, akakaza kamba, akagonga kiatu cha kushoto kwenye mguu wa meza kwa makusudi, mara moja, kusikiliza.

Fundi alikuwa ameandaa maneno usiku kucha. Alifikia "mzee, samahani," mengine yakapotea. Aliinua mkono wa kulia kuchukua mkoba amsaidie kuutundika vizuri begani, na hapo akahisi kitu mbavuni, chini ya kiwiko alichokiinua. Kilikuwa kidole cha Robo, kimemgusa taratibu na kurudi kilikotoka.

Fundi akashusha kiwiko.

Robo akageuza uso wote, mpaka jicho la kulia likamwona sawasawa.

"Huo mkono wako wa kulia, Fundi," akasema, "bado unachelewa."