Dereva wa Don Gaspare

Hapa Palermo, dereva wa Don Gaspare hakuwa mtu wa kushuka garini. Bosi wake akiingia kwa kinyozi aliye mkabala na mkahawa wangu, yeye hubaki kwenye usukani, injini ikinguruma, akifuta kioo kisicho na vumbi. Kahawa nilimpelekea dirishani. Alikishika kikombe kwa ncha za vidole na kuninong'oneza, "Ubarikiwe, Mama Nunzia," lakini macho hayakubanduka mlangoni kwa kinyozi.

Jumamosi ile alizima injini, akavuka barabara, akaja kusimama kaunta. Barabara akaipa kisogo.

"Leo umechoka kukaa?" nikamtania.

"Miguu imeingia ganzi, mama."

Aliingia akitembea vizuri tu, nami nikaanza kumtilia shaka. Mara pikipiki ikapita, risasi zikalia, vioo vya kinyozi vikamwagika. Sote tukalala chini. Yeye alibaki wima, akikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. Hata kugeuka hakugeuka.

Kisha mlango ukafunguka. Don Gaspare aliingia akiwa na povu la sabuni shavuni na vipande vya kioo mabegani, hana hata mkwaruzo. Akamwekea dereva mkono shingoni, taratibu, kama baba.

"Maliza kahawa yako, mwanangu. Leo naendesha mimi."

Kahawa yetu ni mafunda mawili tu. Sijawahi kuona mtu akiinywa polepole namna ile.