Mshale Mwepesi wa Paa

Paa wa kwanza alivunjika paja nami nimesimama hatua kumi kutoka kwake. Niliusikia mfupa ukikatika, mlio mkavu kama wa ukuni, na kabla sijafahamu nilichokisikia alikuwa keshaanguka kwa ubavu. Mshale wa dawa ya usingizi ulikuwa umempata pale pale tulipokusudia, kwenye nyama ya paja. Lakini ulikuwa mshale wa alumini, mrefu kushinda kidole changu cha kati, uliotengenezwa kwa ajili ya punda milia na nyati. Paa wetu wa pwani hafiki kilo tano. Ukimpakata ni kama umepakata kuku wawili.

Daktari aliweka bunduki chini, akapiga magoti, akaushika ule mguu kwa vidole viwili. Akafungua mkoba wake, akamdunga sindano ya kumpumzisha.

"Nimemuua, mama," alisema.

"Tumemuua," nikamjibu. Mshale nilimpa mimi kwa mkono wangu.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa mifugo, Likoni. Miaka ishirini na zaidi kazi yangu imekuwa mbuzi wa Timbwani, ng'ombe wa maziwa wachache waliobaki, na paka wa mahoteli ya Shelly Beach ambao lazima wahasiwe kila mwaka wasije wakajaa jikoni. Mnyama wa mwitu sikuwahi kumgusa. Nilitumwa kwenye shamba walikokuwa paa kwa sababu daktari yule wa bunduki, wa wanyamapori, kijana wa bara aliyekuwa akihudumia pwani nzima peke yake, aliomba mtu wa kumsaidia aliyezoea kudunga wanyama wadogo.

Shamba lilikuwa la bibi mmoja mjane. Minazi, mikanju ya korosho, na kichaka kikubwa cha miiba katikati. Wanawe walikubaliana liuzwe, na mnunuzi akazungusha ukuta pande zote nne kabla ya kuleta tingatinga. Ukuta ulipokamilika ndipo bibi alipotambua kwamba paa watano waliokuwa wakipita hapo tangu zamani wamefungiwa ndani, na mbwa wa mtaani wamekwisha kuijua njia ya langoni. Akaenda kukaa kwenye kiti mlangoni mwa ukuta, akasema tingatinga haliingii mpaka paa watoke wazima. Akaandika barua serikalini. Kibali kikatoka, na daktari akaja nacho mfukoni.

Wavu tulijaribu kwanza. Paa walipenya chini yake kama maji, na mmoja akaugonga ukuta kwa kichwa mpaka tukaogopa tukauondoa wavu wenyewe. Ndiyo maana tukaenda kwenye bunduki, na ndiyo maana alasiri ile tulikuwa tunamfukia paa chini ya mnazi huku bibi anatutazama.

Nilidhani atatufukuza. Alisubiri tumalize, akaniita.

"Mwanangu."

"Abee."

"Wamebaki wanne. Mwenye ukuta amenipa muda mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Mtarudi?"

Nilimtazama daktari. Daktari alikuwa anaitazama ardhi.

"Tutarudi, inshallah," nikasema, na wallahi wakati ule sikujua tutarudi na nini.

Garini nilimwuliza kama hana mishale mingine. Alikuwa na aina tatu ndani ya sanduku, na zote tatu nilizipima kwa mkono. Iliyokuwa nyepesi kuliko zote ingeweza kutoboa mlango. Mishale ya wanyama wadogo huagizwa ng'ambo, akasema, na ukiagiza leo utaipata baada ya miezi. Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo lisilo na faida, akasema chuoni kulikuwa na mwalimu mzee aliyekuwa akitengeneza mishale yake kwa mabomba ya sindano ya hospitali, akaipuliza kwa mdomo kutoka kwenye mrija.

"Ulimwona akiitengeneza?"

"Mara moja. Mimi mwenyewe sijawahi."

"Nichoree."

Alichora nyuma ya fomu ya chanjo ya kuku. Bomba la sindano lina raba ndani yake. Unatia dawa mbele ya raba, na nyuma ya raba unashindilia hewa. Ncha ya sindano unaiziba kwa gundi, ukaitoboa tundu ubavuni, na tundu hilo ukalifunika kwa kipande kidogo cha raba laini. Mshale ukiingia kwenye ngozi, ngozi inakisukuma kile kipande nyuma, tundu linafunguka, hewa inaisukuma dawa. Hakuna baruti wala chuma kizito. Nilikitazama kile kichoro kutoka shambani mpaka nyumbani, na nilipofika nilikuwa nimekwisha kukielewa kuliko aliyekichora.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi nikiwa na mabomba ya sindano matatu mkobani, la mililita mbili, la tano na la kumi. Mwenye duka ni mzee wa Kimvita, ukoo wao wafanyabiashara tangu enzi, na nilimwamkia kwanza.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nikupe nini?"

"Mrija ambao hili bomba litapita ndani yake bila kucheza na bila kukwama."

Alilichukua lile bomba la sindano, akalizungusha, akanitazama juu ya miwani. Hakuuliza. Alitoa mirija ya nyaya za umeme, mirija ya maji, fimbo za pazia za alumini, na kwa muda wa nusu saa tulikuwa tunateremshia mabomba ya sindano ndani yake na kuyasikiliza yakipita. Wateja walisimama nyuma yangu na misumari yao, wakangoja. Fimbo moja ya pazia, nyembamba, ililimeza bomba la mililita mbili kwa sauti laini kama mtu anayevuta pumzi.

"Hii ndiyo yako," mzee akasema. "Sasa niambie ni ya nini, nisije nikafa sijui."

Nilimwambia. Akaikata kwa msumeno mwenyewe, urefu wa mita moja na nusu, akailainisha midomo kwa msasa nisije nikajikata, akaniombea dua.

Siku tatu meza yetu ya kulia chakula haikuliwa chakula. Nilitoboa sindano, nikaziba ncha, nikakata vipande vya raba kutoka kwenye mpira wa dripu. Mikia niliifunga kwa sufu nyekundu ya kufumia, maana mshale bila mkia hupinduka hewani na kufika kwa ubavu. Nilipuliza kwenye mapapai uani. Mshale wa kwanza ulianguka miguuni pangu. Wa pili ulikwenda kwa jirani. Siku ya pili nilikuwa nimejifunza kwamba kupuliza si kwa mashavu, ni kwa tumbo, pumzi moja fupi kama ya mtu anayekohoa, na mapapai yakaanza kutoboka pale nilipotaka.

Lakini papai halina mfupa. Nilikwenda buchani nikanunua paja la mbuzi mchanga na ngozi yake, nikalitundika kwenye kamba ya nguo. Badala ya dawa nilitia maji ya rangi ya zambarau, ile ya keki, nipate kuona yamefika wapi. Nikalipiga kwa mshale wa mililita tano, kwa mrija mnene zaidi wa maji niliokuwa nimechukua dukani pia, nikalipasua kwa kisu. Rangi ilikuwa imeingia vizuri, lakini sindano ilikuwa imeuchuna mfupa, alama ndogo nyeupe. Nilipiga na mshale wa mililita mbili wenye sindano ile ile. Mfupa tena, ingawa kidogo. Basi nikajua kosa si uzito peke yake. Sindano za mbuzi wakubwa ni ndefu mno kwa mnyama ambaye nyama ya paja lake ni unene wa vidole viwili. Nikaikata fupi, nusu ya ile, nikainoa upya kwa jiwe. Mshale wa mililita mbili, sindano fupi, mkia wa sufu. Nilipiga mara sita. Mara sita zote nilipopasua nilikuta doa la zambarau katikati ya nyama, na mfupa mzima kama ulivyoumbwa.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alilikuta lile paja juu ya sinia.

"Hii ni sikukuu gani," akauliza, "yenye nyama ya zambarau?"

"Njoo ushike," nikamwambia, nikamwekea mshale kiganjani. "Unausikia?"

Aliupandisha na kuushusha mkono. "Kama hakuna kitu."

"Ndivyo ninavyotaka."

Jumapili jioni nilimwekea daktari mishale kumi na miwili juu ya boneti ya gari lake. Aliichukua mmoja mmoja. Alibonyeza mmoja kwenye sponji, akaona maji niliyotia yanavyotoka, akabonyeza wa pili. Kisha akachukua mrija akajaribu kulipiga shina la mnazi, mshale ukafika nusu ya njia. Akajaribu tena. Akanipa mrija.

"Nani mwingine amekuona ukipiga?"

"Mume wangu na kuku wa jirani."

Nililipiga lile shina mara tatu kwenye alama ya chaki. Daktari akacheka kwa mara ya kwanza tangu kufa kwa yule paa. "Basi mimi nitapima dawa," akasema. "Wewe utapiga."

Mrija haufiki mbali, hatua kumi ni nyingi. Ilibidi tuwe na subira. Bibi ndiye aliyetuambia paa wanapita wapi, kijinjia kati ya kichaka na ukuta wa mashariki, alfajiri wakienda kula maua ya mikanju yaliyoanguka. Jumatatu tulikaa hapo tangu adhana ya alfajiri, mimi nimepiga magoti nyuma ya makuti, daktari nyuma yangu. Jua lilipopanda kidogo akatokea jike, masikio yakigeuka peke yake. Akasimama. Niliona pua yake ikitetemeka. Nikavuta pumzi, nikapuliza.

Aliruka, akakimbia hatua chache, akasimama kuligeukia lile jambo jekundu pajani mwake kama anayeshangaa nguo mpya. Hakulia, hakuchechemea. Dakika chache baadaye alikaa chini polepole, akaweka kidevu juu ya majani.

Tulimfikia. Daktari alimpapasa mguu wote, kutoka nyonga hadi kwato, mara mbili. Akainua uso.

"Mzima," akasema. "Mama, ni mzima kabisa."

Tulimfunga macho kwa kitambaa, tukamlaza kwenye kasha pana lenye majani, ambamo angetunzwa mpaka wote wapatikane, na asubuhi hiyo hiyo nikampata wa pili.

Jumanne nilikosa mara mbili, kwa sababu ya upepo, kisha nikampata wa tatu. Akabaki dume. Dume lilikuwa limekwisha kutujua. Lilijificha katikati ya kichaka, tukaona pembe zake fupi tu na jicho moja. Jumatano nzima lilitushinda, na Alhamisi tingatinga likafika langoni, likakuta kiti cha bibi mahali pake na bibi ameketi juu yake.

"Zimeni mashine," aliwaambia. "Binti yangu anafanya kazi."

Wakazima. Dereva aliteremka akakaa kivulini. Mimi nilitambaa kwa tumbo ndani ya miiba, kanga yangu ikichanika kipande kwa kipande, mpaka nikafika mahali ambapo niliona paja lote, kati ya shina na shina, nafasi ya kupita ngumi. Bunduki isingeweza kupiga pale bila kuligonga tawi au kumuua mnyama. Nilituliza mrija juu ya mkono wangu wa kushoto. Pumzi moja. Nikausikia mshale ukigusa, sauti ndogo kama tone la maji juu ya jani, na dume likatoka nje ya kichaka likitembea, si kukimbia, likaenda kulala mbele ya ukuta.

Nilipotoka nikiwa na damu za miiba mikononi, watu wa tingatinga walikuwa wamesimama wakipiga makofi, na bibi amesimama pia, ameegemea mgongo wa kiti chake. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Alisema "Ahsante, mwanangu," kisha akaenda mwenyewe kufungua lango.

Alasiri ile tuliwapeleka kwenye msitu ulio upande wa Kwale, makasha manne nyuma ya gari, nami nimekaa pamoja nayo nikiyasikiliza. Afisa wa msitu alituonyesha mahali penye maji. Nilifungua kasha la dume kwa mkono wangu, daktari na afisa wakafungua yale mengine. Lilisimama kidogo mlangoni, likapiga ukwato mara moja, likaingia kwenye majani kwa miguu minne yote, na majike yakalifuata kabla sijamaliza kuhesabu.

Daktari alikuwa na daftari mapajani, anaandika. Aliniuliza urefu wa sindano niliyoikata, upana wa mrija, aina ya sufu, nami nikamjibu kila kitu, na aliposita kuhusu raba nilimchukulia kalamu nikamchorea.

"Nitengenezee ishirini," akasema. "Na uje Kilifi mwezi ujao unifundishe kupuliza."

"Nitakuja," nikamwambia. "Lakini uanze na mapapai."