Pilau ya Spika

Mimi ni mtu wa kujisifu, nisidanganye. Nilipopata kazi katika ofisi ya mbunge wetu, habari zilifika kwetu Tanga kabla sijashika mshahara wa kwanza. Si mbunge wa Ottawa, kwenye bunge la taifa la huku ughaibuni. Huyu alikuwa wa bunge la jimbo, lile linaloamua mambo ya shule, hospitali na nyumba za kupanga. Ofisi yenyewe ilikuwa imebanwa kati ya duka la simu na kinyozi, karibu na maghorofa ya Crescent Town ninakoishi, na kazi yangu ilikuwa kupokea simu na kusikiliza shida za watu.

Aliyenijia mara nyingi kuliko wote ni mama mmoja Mgoa, jirani yangu wa ghorofa ya kumi na tisa. Zamani alikuwa mpiga chapa serikalini, Dar es Salaam, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Mumewe yuko katika nyumba ya kutunzia wazee, safari ya kubadilisha mabasi, na ameanza kusahau watu. Mama alikuwa akienda kumlisha chakula cha mchana kila siku ili yeye asisahaulike. Lakini lifti zetu ni mbovu. Zikigoma, kupanda ngazi aliweza taratibu, kushuka goti lilikataa kabisa, na siku hiyo mzee alilishwa na mtu mwingine.

"Juzi mzee aliniita nesi," aliniambia, akacheka. Kicheko chenyewe sikukipenda.

Ndipo tukaandika ombi kwa bunge, kwamba wenye nyumba walazimishwe kutengeneza lifti bila kuzungushana. Mama alilipiga chapa mwenyewe, mimi nikagonga milango kutafuta saini. Mbunge alikuja kwake, akala mchuzi wa samaki mpaka akalegeza mkanda. Wazazi wake walimleta huku kutoka Moshi akiwa bado anabebwa, kwa hiyo Kiswahili anakielewa, ila kujibu hujibu kwa Kiingereza chenye vipande vya kwetu. Siku hiyo alijitahidi. "I promise, aunty," alisema. "Nitasoma mwenyewe bungeni. Kwa mdomo wangu."

Sasa, bunge lile lilikuwa la vituko. Katika muhula ule mmoja, kiongozi wa chama kimoja aling'olewa na watu wake mwenyewe, mbunge mwingine akagombana na wenzake akahamia kukaa peke yake, na wengine wakaacha viti wakafuata kazi zenye masilahi zaidi, uchaguzi mdogo ukaitishwa. Ukutani ofisini nilikuwa na mchoro wa nani anakaa wapi, na nilikuwa nikibandua majina na kubandika mengine hadi karatasi ikachakaa. Halafu Spika akaugua, akajiuzulu. Ikabidi mwingine achaguliwe na wabunge wenyewe, kwa kura ya siri. Wetu alipendwa na pande zote kwa sababu hakuwa mtu wa kupayuka.

Akaniita ndani, akafunga mlango. "Dada, tell me kweli. Nikigombea, watu wa mtaani watasemaje?"

Sote wawili tulijua alichokuwa akiuliza. Spika huongoza mjadala, haingii ndani yake. Haulizi swali, hachangii, hasomi ombi la watu wake. Jambo hilo lilikuwa likimsumbua, ndiyo maana aliuliza. Ningeweza kumtajia mama wa ghorofa ya kumi na tisa. Badala yake niliwaza nitakavyowaambia watu wa Tanga kwamba nafanya kazi kwa Spika.

"Watafurahi sana," nikamwambia.

Na kweli walifurahi. Tulikotoka sisi, mtu wenu akipanda juu, lami inafika kijijini kwenu. Nani atauliza kiti hiki kinafanya nini? Siku ya kura tulikusanyika kwenye ukumbi wa jengo, tukatazama kwenye televisheni. Desturi yao ni kwamba mshindi hushikwa mikono na viongozi wa pande mbili, akavutwa hadi kitini huku akijifanya hataki. "Anavutwa kama bi harusi!" mama akapiga kelele, ukumbi mzima ukacheka. "Tumeula!" mwingine akaitikia. Mimi nilikuwa nimepika pilau, sufuria kubwa kuliko jiko langu.

"Sasa lifti zitapona," mama alisema, ameninyooshea sahani. Nikampakulia, nikamwongeza nyama. Roho ilinisuta palepale, lakini nikajikausha.

Baadaye nilimpelekea ombi letu mbunge mwingine, wa eneo la mbali, akakubali kulisoma. Sheria inaruhusu, na hapo sikukosea. Ila mama nilimwambia hivi tu: "Linasomwa wiki hii, twende tukasikie." Akaelewa alivyoelewa, nami nikamwacha aelewe hivyo.

Alivaa nguo zake za kanisani. Chakula cha mzee alikifungasha kwenye mfuko, ili tukitoka bungeni tumpitie. Tulikaa juu, kwenye roshani ya wageni. Chini, mbunge wetu alikuwa kitini na joho lake jeusi. Yule wa mbali akasimama, akasoma haraka, kichwa chini, akamaliza kabla mama hajaweka miwani yake sawa. Kutoka kwenye kile kiti ikaja sauti tunayoijua, kwa Kiingereza: asante, ombi linalofuata.

Nilimnong'oneza kwamba tuondoke, mzee anasubiri. Akanibana mkono. "Ngoja, wetu bado hajasema." Tukangoja mpaka kikao kikavunjwa. Mbunge wetu alitazama juu upande wetu mara moja, kisha akarudi kwenye makaratasi yake. Saa ya chakula cha mchana ilikuwa imepita zamani, mzee ameshalishwa na mtu mwingine.

Tuliporudi, lifti zilikuwa zimelala. Tukaanza kupanda, mimi nimebeba mfuko. Katikati ya safari akaketi kwenye ngazi, akahema.

"Sasa yule wetu atasema lini?"

Ningeweza kusema karibuni. Neno lilikuwa mdomoni tayari.

"Hatasema, mama. Aliyekaa pale hasemi."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokaa."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Hata kabla hajagombea."

Nilitamani anitukane. Naona haya mpaka leo kwamba nilitamani hivyo, kana kwamba angenitukana tungekuwa tumemalizana. Yeye akatazama mfuko.

"Na ile pilau ulinipakulia wewe mwenyewe," akasema.

Akanyoosha mkono. Nikampa mfuko wake, akashika reli, akaanza kupanda na chakula cha mumewe.