Nilimwambia daktari "safe and sound", kumbe mama wa watu anakohoa damu

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yalinikuta mwenyewe, siongezi chumvi, na mpaka leo kichwa hakijatulia.

Mimi Mkongo wa Kivu Kusini, naishi Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Kiingereza nimekisomea kwenye daftari, hasa ile misemo yao, nakariri na mpangilio wake. Ni "safe and sound", yaani salama salimini, siyo "sound and safe". Ukigeuza, wanakucheka.

Nilijivuna nayo, sikatai.

Basi jirani yangu, Mama Neema, akaniomba nimsindikize hospitali Mbarara nikamtafsirie. Njiani akaninong'oneza kuwa anakohoa damu, wiki ya pili sasa.

Daktari akauliza anaendeleaje. Mama akakohoa kidogo, akajibu:

"Niko muzima tu, dokta. Mungu anasaidia."

Wakongo wenzangu mnaelewa. Kwetu mtu mzima hamwagi shida zake mbele ya mgeni. Yeye anasema mzima, aliyemsindikiza ndiye anaeleza ugonjwa.

Nami nikafungua daftari la kichwani: "By and large, doctor, she is safe and sound."

Daktari akatabasamu, akasifu Kiingereza changu. Akaandika dawa ya kikohozi, akaita mwingine.

Nikatoka nimevimba kichwa hadi getini. Hapo mama akaniuliza:

"Na ile damu, dokta anasema nini?"

"Sikumuambia, mama."

"Sasa mi nilikuleta juu ya nini?"

Wakuu, niliona aibu.

Tukarudi, tukapanga foleni upya. Safari hii misemo yote ilinikimbia. "Blood, doctor. She cough blood. Two weeks." Hakutabasamu. Alisimama, akampeleka mwenyewe kupimwa kifua. Akalazwa siku ileile.

Kinachonichanganya ni hiki: kwenye semina ya ukalimani kambini tulifundishwa kuwa mkalimani asiongeze neno. Mama alisema mzima, nikasema mzima. Lakini damu niliijua! Pale nilikuwa mkalimani au jirani?

Nilichojifunza: kabla ya kutafuta msemo, tafuta kwanza kilichomleta mtu. Ninyi mngefanyaje? Niambieni hapa chini, hata matusi nitapokea.

Mama Neema ameshapata nafuu, yuko nyumbani. Jumapili alinisifu kanisani mbele ya wote: "Mukigonjwa, muende na huyu. Anajuaka Kiingereza."

Nilitazama chini. Sijui alisifu kile cha kwanza au kile cha pili.