Ndege ya Tanga Ilipopita Juu ya Wami

Mpaka leo, nikisikia mngurumo wa ndege ndogo juu ya bati la nyumba yangu, huacha kazi niliyo nayo mkononi. Hunirudisha Bagamoyo, miaka ya hamsini, nikiwa binti mdogo, enzi ambazo ndege ya Dar es Salaam kwenda Tanga ilipita juu yetu asubuhi, nasi watoto tukaikimbiza mpaka kwenye matope ya mikoko, tukiiagiza ituletee halua.

Tanga ndiko alikoolewa dada yangu Mwanaidi. Masika moja tukapata habari kwamba amejifungua mtoto wa kiume, lakini homa haimwachii. Mama alifunga kanga zake na visheti vya njiani, akanishika mkono, tukapanda lori la abiria. Akilini mwangu Tanga ilikuwa karibu, maana ndege hufika hata wali haujaiva. Sikujua kwamba gari kwanza huipa bahari kisogo, hupita Fukayosi, likautafute mto Wami huko bara. Njia ilikuwa tope tupu. Tulikwama, tukasukuma, tukalala kwa watu tusiowajua, tukakwama tena.

Wami tuliukuta umefurika, na pantoni imefungwa ng'ambo. Tukakaa ukingoni, kwenye harufu ya majani yaliyooza, mpaka kesho yake. Asubuhi ndege ikapita kwa mbali, upande wa pwani. Karani mmoja tuliyesafiri naye akasema itatua Tanga kabla chai yake haijapoa. Nikamwuliza mama kwa nini sisi hatukuipanda.

"Ile ina wenyewe," akasema, macho yake majini.

Mchana maji yalipungua, pantoni ikaleta watu wa ng'ambo. Miongoni mwao alikuwa Athumani, mdogo wake mume wa dada. Nilimkimbilia na shikamoo yangu. Akaitika marahaba bila kunitazama, akamwita mama kando. Walisimama huko kitambo. Mama alijifunika uso kwa kanga, kisha akarudi, akaketi, akafungua visheti ambavyo yeye hakuvigusa tangu nyumbani.

"Kula, mwanangu. Hatuna haraka tena."

Nilidhani dada kapona. Nilikula nikashiba, nikavuka nikiimba, na njia nzima nikamsimulia mama nitakavyombeba mtoto. Mama akaniuliza nitambembeleza kwa wimbo gani. Athumani alikaa nyuma yetu.

Tulipofika, majamvi yalikuwa yametandikwa uani, na wanawake wakainuka kutupokea, mmoja kampakata mtoto. Dada alikuwa ameshazikwa.

Wapo walioniambia kwamba mama alikosea kunificha. Mimi mwenyewe nilikuja kuelewa baada ya kuzaa na kuzika. Kutoka mtoni mpaka Tanga ulikuwa mwendo mrefu, na mama, kama angeanza kulia, hapakuwa na mwanamke mwenzake wa kumtuliza. Aliyameza yote, akaniachia dada yangu akiwa hai mpaka tulipofika mlangoni.