Mtani wa Grupu

Biashara yangu haina duka. Nabangua korosho nyumbani kwangu Naliendele, nazikaanga, nazipiga picha juu ya ungo, kisha nawasaka wateja kwenye grupu la watu wa Mtwara wanaoishi Dar. Grupu hilo lilikuwa na sheria moja kali: matangazo ya biashara marufuku. Nilipotuma picha yangu ya kwanza, admini aliifuta na kunionya mbele ya watu wote.

Admini ni Myao, mimi ni Mmakonde, na sisi ni watani toka enzi za mababu. Nikamjibu kwamba Myao akiona korosho huzificha kwanza, ndipo hutoa onyo. Grupu zima likacheka. Naye akaandika, "Huyu mwacheni, ni mtani wangu. Mtani hafungwi na sheria." Tangu hapo nikawa muuzaji pekee mle ndani.

Nilijiona mjanja, kumbe najifungia mwenyewe na ufunguo nautupa. Nikiweka tangazo la kistaarabu, kimya. Nikimchokoza Myao, oda zinamiminika. Basi kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, nakaa natafuta la kumsema: kipara chake, uchoyo wake, mkewe anavyomficha kitoweo. Nina homa, natania. Tulipokwenda Kitaya kumzika shangazi, nilijibanza nyuma ya banda la kuku nikatunga utani, maana mzigo wa kupeleka Dar kwa basi la kesho yake ulikuwa haujapata wateja. Niliona aibu, na bado nikautuma. Siku nyingine nilitamani kuitupa simu chooni, lakini korosho hazijiuzi zenyewe.

Kisha mama akapewa rufaa ya kwenda Dar, kwa uvimbe tumboni. Dada alimsindikiza, mimi nikabaki na watoto na kazi. Madaktari wakasema hawatampasua mpaka ndugu walete watu wa kuchangia damu. Dada hakumjua mtu Dar. Mimi niliwajua wengi, wote wamo kiganjani mwangu. Nikaandika: "Ndugu zangu, mama yangu amelazwa huko, anahitaji damu. Naomba mnisaidie."

Admini ndiye aliyejibu wa kwanza: "Mmakonde kaishiwa korosho, sasa anauza damu!" Vikatuni vya kucheka vikajaa kioo kizima. Nikaandika tena, "Wallahi nasema kweli." Akajibu, "Mmakonde akiapa, shika mfuko wako." Nikampigia, hakupokea. Nilikuwa na picha ya mama kitandani, dripu mkononi. Nilishindwa kuituma. Mama yangu si korosho.

Nililia kwa hasira, nikawachukia wote, nikajichukia na mimi. Halafu nikafuta machozi, nikaandika kwa lugha waliyoizoea: "Kumbe Wayao mnaogopa sindano! Atakayechangia damu anitumie picha ya mkono wenye plasta, nampa kilo nzima bure." Chini yake nikaweka jina la mama, hospitali na wodi.

Kesho yake mchana walikuwa wameshachangia watu watano, admini mbele. Picha za plasta zikaingia moja baada ya nyingine. Admini akaandika kwamba wamepita na wodini kumsalimia mgonjwa, na amemwambia, "Bibi, usife kwanza, binti yako hajatulipa korosho zetu." Nilicheka peke yangu jikoni, kwa mara ya kwanza wiki ile. Moyo ukatua.

Jioni dada akapiga, akampa mama simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Watani wamekuja," akasema.

"Ndiyo, mama. Nimewatuma mimi."

"Wamecheka sana. Kwetu watani huja kucheka hivyo mtu akishakufa. Hulala kaburini, wakagoma kutoka mpaka wapewe chochote." Akapumua. "Mbona umenificha, mwanangu? Madaktari wamekwambia siponi?"

Nikamweleza haraka haraka: ni wateja wangu wa kwenye simu, wamekuja kutoa damu, atapasuliwa kesho, atapona na kurudi nyumbani. Nikaapa.



"Niambie kweli," mama akasema. "Usinitanie."